Kavugho haamini jina la mlangoni

Ukiletewa gari lililokufa, ndugu msomaji, ukaambiwa ulitafutie kitabu chake cha matengenezo, utaanza kutazama wapi? Usione haya kujibu. Wengi wetu tungekwenda mlangoni, palipoandikwa jina lake kwa herufi kubwa, au tungeomba karatasi zake tusome. Mama Kavugho haendi mlangoni, na karatasi hataki hata kuzigusa.

Ni Jumamosi asubuhi, kwenye garaji kando ya barabara ya Lushebere, huko Masisi, mashariki mwa Kongo, ukungu bado umelala mabondeni. Kavugho amepanda juu ya tairi la Fuso jeupe. Kichwa cha gari, anapokaa dereva, kimeinamishwa mbele, kama mtu anayetafuta shanga iliyoanguka, na injini iko wazi mgongoni. Mkono mmoja ameshika kikopo cha mazutu, yaani dizeli, mkono mwingine mswaki wa meno uliochakaa. Anasugua ubavu wa injini taratibu, kwa mizunguko midogo, kama unavyomsafisha mtoto nyuma ya sikio.

"Mama, hii moteur ilikula nini mpaka unaipiga mswaki?" anauliza Trésor, fundi wa pili wa garaji hiyo, mwanamume wa ndevu zake.

"Ilikula matope ya miaka yote yenye weye haukuisafisha. Leta kitambaa kingine."

Trésor anacheka, lakini kitambaa anakileta.

Gari ni la Mama Colette, mfanyabiashara anayepeleka maharagwe ya Masisi kule Walikale na kurudi na mawese. Amekaa juu ya magunia yake, mikono magotini, haongei sana. Jumatatu malori yatakwenda Walikale kwa mstari mmoja, kwa kuwa njia imetulia kidogo. Imetulia leo, ya kesho hakuna anayeyajua. Litakalokosa msafara litabaki peke yake, na gari likibaki peke yake katika vita hivi, mara nyingi halibaki na mwenyewe.

Kavugho naye ana lake moyoni. Kwa miaka sita sasa anaweka vitabu vya magari ndani ya kompyuta za mafundi, kutoka Masisi hadi Walikale. Akimaliza kuweka, anaambiwa: aksanti, Mama, sasa kaa pale kando, tunaanza kazi. Anakaa kando. Anachotaka ni kufungua injini na kuifunga kwa mikono yake mwenyewe, kama fundi. Mumewe anajua. Papa Léopold, mwenye garaji, hajaambiwa.

"Unamwambia mutu kitu kama hicho siku gani?" anauliza Kavugho. "Siku gari yote inawaka, hana lazima na miye. Siku imekatala, ana hasira."

Hasira ya safari hii ilianza Ijumaa. Fuso la Colette lilikuwa limebadilishiwa gasketi ya kichwa cha injini, ile wanayoiita joint de culasse, kwa kuwa kichwa chenyewe ni culasse. Kazi iliyobaki ilikuwa kufunga kichwa kwa boliti zake, na boliti hizo hazifungwi ovyo. Zina mpangilio wake, ipi ianze na ipi ifuate, na kila moja ina nguvu yake. Ukilegeza, maji yanaingia kwenye mafuta. Ukikaza kupita kiasi, boliti inakatika ndani, na hapo ndipo watu hulia.

Trésor alifungua kitabu alichowekewa na Kavugho miezi iliyopita kwa ajili ya Fuso lingine. Jina la mlangoni lilikuwa lile lile, herufi kwa herufi. Akaanza kumsomea Papa Léopold namba, na mzee akawa anakaza.

"Boulon ikaanza kuniambia kitu," anasema Papa Léopold, mtu mrefu mwenye mvi hadi nyusi. "Kitabu kinasema endelea, mukono unasema hapana. Nikamwambia Trésor, tuache hapa. Mambo ikifika pale, tunaita Kavugho."

Ndiyo maana anapiga injini mswaki. Masisi na Walikale gari halizeeki lote kwa pamoja. Huzeeka vipande vipande. Injini ikifa, mwenyewe ananunua iliyotumika Goma, iliyovuka bahari kutoka nchi asiyoijua. Kichwa kikigongwa, anatafuta kichwa cha lingine. Baada ya miaka kadhaa karatasi zinasema hivi, mlango unasema vile, na kilicho ndani ni kitu cha tatu.

"Gari ya hapa iko sawa na famille," anasema Kavugho. "Jina iko ya papa, lakini roho ilitoka ku bamama. Ukitaka kujua mutoto ana tabia ya nani, usisome jina."

Mswaki unafika kwenye rangi. Mtu aliwahi kuipaka injini rangi ya fedha ili ionekane mpya sokoni. Kavugho anaikwangua kwa ukucha, kisha kwa ncha ya kisu. Anapapasa chuma kwa kidole, macho ameyafumba, kama mtu anayetafuta jino linalouma. Namba za injini zilizogongwa kiwandani zinatokea moja moja.

"Njo maana," anasema. "Hii haiko ndugu ya ile. Hata mujomba haiko."

Kavugho alizaliwa Butembo, katika nyumba ya wafanyabiashara Wakatoliki ambako watoto walijua majina ya vipuri kabla ya kujua majina ya watakatifu. Masisi alifuata duka: aliuza filta, fani-belti, gasketi na mafuta ya breki. Wateja walimjia na jina la mlangoni, wakanunua kipuri, wakarudi kesho yake wamekasirika kwa kuwa hakiingii. Akaanza kufunga duka mchana na kwenda nao kutazama gari lenyewe.

Binamu yake Hubert ana chumba cha kompyuta Goma. Ndiye aliyemwonyesha kwamba vitabu vinene vya mafundi siku hizi vinakaa ndani ya diski, na diski nzima inaweza kushushwa kutoka kwenye mtandao ikiwa faili moja tu.

Kwa anayesikia habari hii kwa mara ya kwanza, Kavugho huleta ganda la haragwe. Faili ile, anasema, ndilo ganda lililofungwa. Huwezi kulipika hivyo hivyo, lakini ndani mna kila punje mahali pake. Anaweka programu ndogo kwenye kompyuta, anaielekeza kwenye faili, na kompyuta inaamini kwamba mtu ameitia diski. Baada ya hapo kitabu kinaanza kujiweka chenyewe, kurasa kwa maelfu, michoro ya nyaya, mapafu na utumbo wa gari.

"Machine inajua kama tumeitia disque," anasema. "Haiko na pahali pa kuitia, lakini haiulizi. Ni machine ya adabu."

Vitabu vingi ni vya Kiingereza, na yeye alisoma Kifaransa. Maneno ameyazoea moja moja kwa kutazama michoro, hadi akajua lipi ni "kaza" na lipi ni "usiguse". Namba, anasema, hazina kabila. Kwa kitabu kimoja analipwa dola kumi. Mahali ambapo dola hazijafika kwa muda mrefu analipwa viazi au kuku, na siku moja Kirolirwe alilipwa jibini nzima, duara kama usukani.

Mumewe, Patient, ni mkulima kutoka msitu wa Walikale, ukoo wa wawindaji. Anapiga jembe huku akimngoja mkewe arudi kutoka garajini, na chakula cha jioni mara nyingi kimekwishaiva.

"Kwetu mwanaume anajenga nyumba, mwanamuke anakuya na vyungu," anasema Patient. "Huyu wangu alikuya na disque. Nikauliza wazee, tunaipika na nini?"

Mwaka 2012, vita vilipofika karibu, walikimbia. Kavugho alikuwa na diski moja ya nje iliyobeba kila kitu alichokusanya. Aliifunga kwa kitenge mgongoni ili asipekuliwe. Wanawake waliokuwa wakitembea naye walimsifu kwa mtoto aliyetulia, wakataka kujua jina lake.

"Nikawaambia anaitwa Culasse," anasema. "Mumoja akasema ni jina ya muzuri, iko ya Biblia?"

Anacheka akisimulia, lakini mwisho wake haukuchekesha. Mvua iliwanyea njia nzima. Walipofika walikokwenda, kitenge kilikuwa kimelowa, na yule Culasse hakuamka tena.

Patient ndiye aliyesema neno siku ile. Kwao msituni, alisema, mbegu ya karanga haikai nyumba moja. Unamwachia dada, unamwachia shemeji, hata jirani mgomvi unamwachia, kwa sababu moto hauchomi nyumba zote siku moja. Tangu hapo Kavugho akiweka kitabu kwenye garaji yoyote anaacha na ganda lake, ile faili nzima ambayo haijaguswa, ndani ya kompyuta ya fundi. Ni sharti. Asiyetaka, hapati kitabu.

Mafundi hunung'unika. Faili zile ni kubwa, zinakula nafasi ya filamu na nyimbo.

"Machine yangu imekuwa dépôt yake," anasema Trésor. "Nikitaka kuweka mechi moja, haina nafasi. Mama amepangisha nyumba yangu na hanilipe."

Haya, turudi kwenye Fuso.

Kavugho anashuka kwenye tairi, ananawa mikono kwa sabuni ya unga, anafungua kopo la maziwa ambamo diski yake ya sasa inakaa, limezamishwa ndani ya mfuko wa maharagwe. Anatafuta faili ya injini ile. Ipo. Mama Colette anainuka kwenye magunia.

Kitabu kinajiweka, kinafunguka. Ukurasa wa mafuta upo. Ukurasa wa rejeta upo. Anapobonyeza sura ya culasse, kompyuta inasita, inafikiri, halafu inaleta dirisha dogo la kukataa. Anarudia. Inakataa tena. Anatazama ukubwa wa faili na kuulinganisha na ule wanaousema walioiweka mtandaoni. Yake ni fupi. Ilishushwa tena Goma baada ya ile diski kufa, na umeme ulikatika katikati.

"Ni mukate yenye walitosha ku moto mbele ya wakati," anamwambia Colette. "Juu imeiva, katikati ni unga."

Colette anaketi tena. "Dada," anasema, "niambie tu ukweli. Nitafute watu wa kushusha mizigo?"

"Usishushe hata gunia moja."

Ndipo anapomkumbuka Émile, fundi wa Karuba. Alimwekea kitabu hicho hicho kabla ya ile mvua, na ganda zima lilibaki kwake, kama halijafutwa. Simu ya Émile haipatikani. Milima ya kule ina tabia hiyo. Papa Léopold anamtazama Colette, anamtazama Kavugho, anamwita mtu wa pikipiki.

Njia ya Karuba inapita katikati ya malisho, ng'ombe wanavuka wanapotaka, na mahali pengine kuna kamba iliyofungwa kutoka mti hadi mti. Kwenye kamba moja kijana mwenye bunduki na kofia ya sufu anataka kujua kilichomo ndani ya kopo.

"Vitabu," anajibu Kavugho.

"Mu hii kopo?"

"Mingi sana. Kabati mzima."

"Mama, usinicheze. Kitabu iko na karatasi."

Kavugho anaweka kompyuta juu ya kiti cha pikipiki, anaifungua. Kando ya kamba kuna gari lao la jeep, boneti wazi, nyasi zimeanza kuota chini yake. Analitazama kidogo, anabonyeza, analeta mchoro. Kijana anainama. Anasogeza kofia nyuma.

"Hii si filtre yetu?"

"Ni yenu."

"Na juu ya nini haiwake?"

"Niache nipite, nikirudi nitakuambia."

Anampisha. Kavugho aliporudi, zamu ilikuwa imebadilika, na yule mpya hakutaka vitabu wala maelezo. Alitaka hela ya soda, akapewa, maisha yakaendelea.

Kule Karuba Kavugho alimkuta Émile amelala chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Émile, ganda langu iko?"

Miguu ikatulia. "Ganda gani, Mama?"

"Weye unajua ganda gani."

Émile akatoka taratibu, anajipangusa, hatazami usoni. Alikuwa ameitaka nafasi ile mara nyingi, akakiri. Kulikuwa na harusi ya mdogo wake, video yake yote ilitafuta mahali pa kulala. Kavugho akaketi pale pale, katikati ya spana na maganda ya ndizi.

"Kisha?"

"Kisha nikafikiri uso yako siku utaniuliza," akasema Émile. "Nikafuta kanisa, nikabakiza chakula na ngoma."

Faili ilikuwa nzima. Wakainakili kwenye diski ya Kavugho huku Émile akimchemshia chai ya maziwa, na Kavugho akaulinganisha ukubwa wake mara mbili kabla ya kuifunga kitengeni. Safari hii aliibeba kifuani.

Jumapili, baada ya misa, garaji inafunguliwa. Papa Léopold hafanyi kazi siku ya Bwana, lakini amesema kuacha mali ya mama wa watoto barabarani ni dhambi kubwa kuliko kukaza boliti. Amevaa bado shati lake la kanisani, mikono ameikunja.

Kitabu kinajiweka tena. Kavugho ameketi juu ya kreti, kompyuta mapajani, na betri ya gari lingine inaipa umeme. Anabonyeza sura ya culasse. Mchoro unafunguka, boliti zote zimepewa namba zake, kutoka katikati kwenda pembeni. Namba za nguvu ziko chini kabisa ya zile za kitabu cha kwanza.

Papa Léopold anatazama mchoro kwa muda, anatikisa kichwa. "Kumbe ilikuwa inalia kweli," anasema.

Wanatoa boliti zote, wanazitazama moja moja, wanabadilisha mbili ambazo zimevutika shingo. Kisha kazi inaanza. Kavugho anasoma, Léopold anakaza, Trésor anashikilia na kupangusa.

"Sasa legeza zote," anasema Kavugho.

Trésor anainua kichwa. "Legeza? Mama, tuko nafunga ao tuko nafungua?"

"Kitabu inasema unakaza, unalegeza, unakaza tena. Ni kwa kuizoeza."

"Kama ndoa," anasema Papa Léopold, na anaanza kulegeza.

Jua linapoegemea upande wa Walikale, kichwa cha Fuso kinarudishwa mahali pake. Maji yametiwa, mafuta yametiwa. Mama Colette amesimama na rozari, vidole havisogei. Watu wa kambi ya wakimbizi iliyo jirani wamekuja kusimama ukingoni mwa barabara, kwa sababu gari linalotaka kuwaka ni jambo la kutazamwa.

Garaji hii ina desturi yake: aliyefunga injini ndiye anayewasha. Ufunguo hapewi dereva wala mwenye gari. Likikubali, sifa ni zake. Likikataa, hana wa kumsingizia. Papa Léopold anajipangusa mikono, kidole baada ya kidole. Anachukua ufunguo kutoka mfukoni. Anavuka ua na kumnyooshea Kavugho.

Trésor anaacha kupangusa.

"Papa," anasema Trésor kwa sauti ya chini, "hiyo funguo..."

"Weye nyamaza. Bila huyu mama tungekuwa tunatafuta boulon ndani ya bloc. Kavugho, panda uwashe."

Kavugho anautazama ufunguo. Anafunga kompyuta, anaiweka juu ya kreti, anasimama. Hanyooshi mkono.

"Aksanti, Papa. Sikuifunga miye. Washa weye mwenye uliifunga."

Mzee anabaki na mkono hewani. Kisha anapanda. Injini inakohoa mara ya kwanza, inakohoa mara ya pili, inatoa wingu jeusi linalowarudisha watu nyuma. Halafu inashika. Sauti yake inatulia, nene na sawasawa, na Léopold anaiacha iungurume kwa muda mrefu, sikio limeelekezwa chini, hadi anapoona hakuna kinacholia. Mama Colette ameketi palepale alipokuwa amesimama, juu ya majani yaliyolowa, anacheka peke yake. Kesho atakuwa katikati ya mstari.

Léopold anashuka. Hana haraka. Anakuja mpaka kwenye kreti.

"Umekatala heshima yangu mbele ya batu," anasema. Si kwa ugomvi, anataka kujua. "Miaka yote hii unakuya, unaweka vitabu, unakaa pale kando, unatazama mikono yetu. Niambie leo. Unataka nini, Kavugho?"

Kavugho anajifunga kitenge vizuri kiunoni. Anatazama injini, kisha anamtazama mzee machoni.

"Ile moteur ya Kirolirwe yenye itafika juma hii, Papa. Nataka niifungue miye, na niifunge miye. Trésor atakaa ku kreti, anisomee kitabu."